Jioni za Baroko Nairobi: Tathmini ya Darasa la Watu Wazima

Kituo kimoja cha utamaduni kilichoko upande wa Kilimani huendesha, jioni za Alhamisi, darasa la watu wazima kuhusu mtindo wa Baroko, yaani mtindo uliotawala uchoraji, uchongaji, ujenzi na muziki wa Ulaya tangu mnamo mwaka 1600 hadi karibu mwaka 1750. Ada ya mfululizo mzima ni shilingi 9,500, hulipwa kwa M-Pesa kabla ya kuanza, na ndani yake mna chai, nakala za masomo na tamasha dogo la kufungia. Nimelihudhuria hadi mwisho, nami naandika kwa ajili ya wanakwaya, walimu wa muziki na wa sanaa, na yeyote anayejiuliza kama fedha zake zitakwenda mahali pake. Jina la kituo na la mwalimu nimeyaacha makusudi, kwa kuwa zipo lawama ambazo nimekwisha kuwafikishia wenyewe, na kwa kuwa mambo ninayoyapima hapa yanafaa kuulizwa katika darasa lolote la aina hii.

Darasa ni zuri, na uzuri wake unatokana na wazo moja ambalo mwalimu hakuliachia hata jioni moja. Wengi wetu tumezoea kuidhania Baroko kuwa ni wingi wa mapambo tu, dhahabu juu ya dhahabu na malaika wanono kila pembe. Yeye alitufundisha kwamba ni sanaa iliyotengenezwa kwa kumfikiria mtu anayeitazama au kuisikiliza: mchoraji, mjenzi au mtunzi alijua umesimama wapi, mwanga unaingia kutoka upande gani na sikio lako linangoja nini, naye akaipanga kazi yake ili ikupate hapo hapo ulipo. Kila darasa lilipotuweka katika nafasi ya mtu huyo, lilifana. Lilipotumwagia tarehe na picha tu, lilipoa.

Jioni ya kwanza ilinishawishi kabisa. Mwalimu hakuanza na fasili wala vipindi vya historia. Alizima taa zote za ukumbi, akawaomba washiriki kadhaa waketi kwenye meza iliyotawanywa sarafu, kisha akawasha tochi moja kutoka upande wa kulia, juu kidogo ya vichwa vyao. Nyuso ziligawanyika papo hapo. Nusu iling'aa na nusu ikamezwa na giza, na vidole vilivyoshika sarafu vikaonekana wazi kuliko wenye vidole hivyo. Tulipokwisha kushiba kutazama ndipo akatuonyesha Wito wa Mathayo, mchoro ambao Caravaggio aliufanya kati ya mwaka 1599 na 1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma. Mathayo na wenzake wameketi mezani penye fedha, wamevaa nguo za Waroma wa siku za mchoraji mwenyewe. Kristo anaingia kutoka kulia akiwa amenyoosha mkono, na mwanga unaingia pamoja naye. Mchoro huo uko kwenye ukuta wa kushoto wa kikanisa cha pembeni, na dirisha la kikanisa hicho liko juu ya altare, yaani upande ule ule unakotoka mwanga wa mchoroni. Muumini aliyeingia hapo aliona mwanga wa siku ile ukiendelea hadi ndani ya turubai, na ule wito ukawa unatolewa mbele ya macho yake.

Sababu ya juhudi hiyo yote ilielezwa kwa ufupi uliotosha. Kanisa Katoliki lilikuwa limetikiswa na Matengenezo ya Kiprotestanti, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wake uliofanyika kwa vipindi kati ya mwaka 1545 na 1563, ulisisitiza mwishoni kwamba picha takatifu ziwafundishe waumini imani na kuwaamsha katika ibada. Mwalimu aliharakisha kuongeza, na nilimshukuru kwa hilo, kwamba Baroko haikubaki mikononi mwa Wakatoliki: mchoraji Rembrandt alifanya kazi katika Uholanzi ya Kiprotestanti, na mtunzi Bach alikuwa Mlutheri aliyetumikia makanisa ya Leipzig kwa zaidi ya miaka 25 ya mwisho wa maisha yake.

Hapa naweka lawama yangu ya kwanza, nayo ni ya vifaa. Projekta ya kituo ni dhaifu mno. Weusi wa Caravaggio ulitoka kama majivu, na ule ukingo mkali kati ya giza na mwanga, ambao tulikuwa tumeuona kwa tochi muda mfupi uliotangulia, ukafifia ukutani. Kwa mchoraji ambaye giza ndilo linalobeba nusu ya kazi yake, hiyo si kasoro ya kufumbia macho. Tuliishia kuzitazama picha kwenye simu zetu, kila mtu ameinamisha kichwa peke yake, ilhali tumelipa ili tutazame pamoja. Hasara hiyo ilijirudia tulipofika kwa Velázquez na mchoro wake Las Meninas wa mwaka 1656, ambao kiini chake ni kioo kidogo kilichoko nyuma ya chumba, chenye sura za mfalme na malkia wa Hispania: ukutani kwetu kioo hicho kilikuwa doa la kijivu. Artemisia Gentileschi, ambaye alichora Judithi akimkata kichwa Holoferne kwa nguvu ambayo wachoraji wachache wa zama zake waliifikia, alipewa dakika chache za mwisho wa jioni, watu wakiwa tayari wanafungasha mikoba. Alistahili jioni yake mwenyewe.

Somo la ujenzi lilifanyika Jumamosi asubuhi katikati ya mji, na hapo ndipo nilipomwona mwalimu akiwa katika ubora wake. Alitukusanya mbele ya Maktaba ya McMillan kwenye barabara ya Banda, jengo lililofunguliwa mwaka 1931, lenye nguzo nene na simba wa mawe kwenye ngazi.

"Mwalimu, kwa hiyo hii ndiyo Baroko?" akauliza msichana mmoja aliyekuwa karibu nami.

"La, dada, na ndiyo sababu nimewaleta hapa," akajibu. "Itazameni kwanza, mniambie kama inasogea."

Haikusogea. Nguzo zimepangwa katika mstari mmoja ulionyooka, kila kitu kimetulia mahali pake, na ukisimama katikati ya ngazi unaliona jengo zima kwa kutupa jicho mara moja. Ndipo mwalimu akakunjua picha kubwa ya kanisa la San Carlo alle Quattro Fontane, ambalo Francesco Borromini alianza kulijenga mjini Roma mwaka 1638, akaishika sambamba na maktaba. Uso wa kanisa lile unavimba katikati na kubonyea pembeni, ukuta wa juu unabonyea mahali ambapo wa chini umevimba, na jicho halipati pa kutua. Linalazimika kuufuata ukuta kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kanisa lenyewe ni dogo sana, kiasi kwamba imekuwa kawaida kusema kuwa lingeweza kuenea ndani ya mojawapo ya nguzo kuu zinazobeba kuba la Basilika la Mtakatifu Petro, na pengine udogo huo ndio uliomsukuma Borromini kuzitafutia kuta zake mwendo badala ya ukubwa. Nilielewa tofauti kati ya jengo la kiklasiki na la Baroko nikiwa nimesimama juani, kati ya vyombo vya mama anayeuza chai na wapita njia, kuliko ambavyo ningeielewa kwa kusoma sura nzima ya kitabu.

Kutoka hapo tulivuka Uhuru Highway hadi Kanisa Kuu la All Saints, ambalo ni la mtindo wa Kigothi. Mwalimu alitutaka tutafute mwanga unakotoka, na hilo halikuwa na ugumu wowote, kwa kuwa madirisha yenye vioo vya rangi yako wazi kwa kila mtu. Kisha akatueleza jinsi Gian Lorenzo Bernini alivyofanya kinyume chake kati ya mwaka 1647 na 1652 katika kikanisa cha ukoo wa Cornaro, ndani ya kanisa la Santa Maria della Vittoria mjini Roma. Mtakatifu Teresa wa Avila amelegea juu ya wingu la marumaru, malaika amemsimamia na mshale mkononi, na nyuma yao inateremka miali ya shaba iliyopakwa dhahabu. Juu ya miali hiyo liko dirisha, lakini Bernini amelificha nyuma ya umbo la mbele, kwa hiyo mwanga wa kweli unashuka juu ya jiwe na aliyesimama chini haoni unakotoka. Kwenye kuta za kando amewachonga watu wa ukoo wa Cornaro wakiwa katika vibaraza, kama watu walioketi kwenye jumba la maonyesho, wakizungumza juu ya jambo linalotukia. Sijapata kusikia kazi hiyo ikielezwa vizuri hivyo, na iliwezekana kwa sababu tulikuwa tumesimama ndani ya kanisa, shingo zimeinuliwa, tukilitazama dirisha halisi.

Dari ya kanisa la Sant'Ignazio mjini Roma iliguswa pia. Wajesuiti walikusudia kuba ambalo halikujengwa, na mwaka 1685 bradha wao Andrea Pozzo akaweka mahali pake turubai bapa iliyochorwa kwa hesabu za mitazamo hivi kwamba linaonekana kuba kamili, kwa sharti kwamba usimame mahali palipotiwa alama sakafuni. Ukisogea, kuba linapinda. Sikuhitaji ushahidi zaidi wa lile wazo la mwalimu kuhusu nafasi ya mtazamaji.

Nafika kwenye muziki, ambao ulichukua karibu nusu ya darasa na ambao kwangu ndio ulioilipa ada yote. Kituo hakina hapsikodi, kinanda kilichokuwa kila mahali katika muziki huo, na kwa hiyo tulitumia kinanda cha umeme chenye sauti yake. Hata hivyo mwalimu alileta kipande kimoja kilichotolewa kwenye hapsikodi halisi, akakipitisha mkono kwa mkono. Ni kijiti chembamba cha mti chenye ulimi mdogo karibu na ncha, na kwenye ulimi huo kimechomekwa kidonoo kidogo sana ambacho zamani kilichongwa kutoka kwenye unyoya wa ndege. Ukibonyeza kitufe, kijiti kinapanda na kile kidonoo kinaudonoa uzi. Ukiachia, ulimi unajikunja nyuma ili kijiti kishuke bila kuudonoa tena, na kipande cha kitambaa kinauzima mlio. Mama mmoja kutoka Mombasa, aliyekulia katika nyumba ya wapiga taarabu, alikigeuzageuza kiganjani akasema kwamba kumbe ni kama udi unavyodonolewa kwa unyoya, ila hapa kila uzi una mkono wake. Hakuna maelezo bora kuliko hayo.

Kutokana na kijiti hicho mwalimu alifungua mlango mpana. Kwa kuwa uzi unadonolewa tu, ubonyeze kwa nguvu au polepole, sauti inatoka kwa kiwango kile kile, na kisha inakufa haraka. Mpigaji hawezi kuishikilia wala kuikuza. Basi ile mitetemo, vidokezo na mizunguko ambayo masikio yetu huihesabu kuwa madoido ilikuwa na kazi halisi: kuirudia noti kwa haraka ni njia ya kuizuia isife, kuongeza noti kwenye mkwaju, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni njia ya kuongeza sauti, na kuichelewesha noti kidogo ni njia ya kuitia uzito. Piano, ambayo Bartolomeo Cristofori aliitengeneza Firenze mnamo mwaka 1700 na ambayo nyuzi zake hupigwa kwa nyundo, ililiondoa tatizo hilo, lakini ilikuja kuenea baadaye. Tangu jioni hiyo siwezi tena kuusikia muziki wa Bach ukipigwa kwenye piano bila kujiuliza ni pambo lipi lilikuwa hitaji.

Jaribio la besi lilikuwa jioni bora kuliko zote. Mwimbaji wa soprano alisimama pamoja na mpiga selo, fidla kubwa iliyobeba besi, na mpiga kinanda, mbele yao karatasi yenye mistari miwili tu: wimbo juu, besi chini, na chini ya besi tarakimu kama 6, 7, au 4 ikifuatwa na 3. Mpiga kinanda hakuwa na noti nyingine. Tarakimu zile zilimwambia mkwaju gani ujengwe juu ya kila noti ya besi, naye alizijaza papo hapo kwa ustadi wake mwenyewe. Walipiga kipande kizima kwa utulivu. Kisha mwalimu akamwashiria mpiga selo anyamaze. Soprano iliendelea ikiwa safi vilevile, lakini wimbo ulipoteza mwelekeo. Ukawa mfuatano wa sauti nzuri usiojua unakwenda wapi. Selo iliporudi, ukumbi mzima ulishusha pumzi. Besi hiyo isiyokatika ndiyo uti wa muziki wa Baroko tangu siku za Monteverdi, ambaye opera yake L'Orfeo ilichezwa Mantua mwaka 1607, hadi kifo cha Bach mwaka 1750. Katika kwaya zetu tunaitafuta soprano kwanza, na wanaume tunawapanga baadaye kwa kadiri walivyofika mazoezini. Ninatamani kila kiongozi wa kwaya Nairobi angeketi katika ukumbi ule jioni ile.

Ndiyo maana spika za kituo ziliniudhi. Ni ndogo, za plastiki, na hazitoi besi. Kila mwalimu alipotupigia rekodi, uti ule ule aliotufundisha kuusikia ulitoweka, na tukabaki na fidla zinazolia juu kwa juu. Majira Manne ya Vivaldi, yaliyochapishwa Amsterdam mwaka 1725, yaliharibika vibaya, na hata habari nzuri kuhusu Ospedale della Pietà, nyumba ya Venezia iliyowalea wasichana walioachwa na wazazi wao, ambako Vivaldi alifundisha na ambako wasichana hao walipiga na kuimba kwa kiwango kilichowavuta wasafiri wa Ulaya nzima, ilikosa nguvu kwa sababu tulichokisikia hakikulingana na tulichoelezwa.

Handel alipewa muda mrefu, na ni haki, kwa kuwa hakuna mtunzi wa Ulaya anayeimbwa katika makanisa ya Nairobi kuliko yeye. Ni nani kati yetu hajaimba Haleluya siku ya Krismasi au Pasaka? Mwalimu alitugawia nakala za solfa, mfumo ambao Sarah Glover aliubuni na John Curwen akaukuza nchini Uingereza katika karne ya 19, na ambao wamisionari waliuleta kwetu. Nampongeza kwa dhati kwa uamuzi huo. Nusu ya darasa hatusomi noti za mistari, na hakuna aliyefanywa ajione mgeni. Tuliimba d, m na s zetu na somo likaendelea.

Aliyotufundisha kuhusu Masihi, kazi kubwa ya Handel ambamo Haleluya imo, yalikuwa mapya kwa wengi waliokwisha kuuimba kwa miaka. Handel aliutunga mwaka 1741 kwa siku 24, kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba, na ukaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, kwa ajili ya hospitali na wafungwa wa madeni. Wanawake waliombwa wasivae sketi zenye matao na wanaume wasije na panga, ili watu wengi zaidi waenee. Baadhi ya nyimbo zake za kwaya, ukiwamo ule wa kuzaliwa kwa mtoto uliotoka Isaya, zilitokana na nyimbo za Kiitaliano za sauti mbili ambazo Handel alikuwa amezitunga wiki chache kabla, baadhi yake zikilalamikia mapenzi yasiyoaminika. Ukumbi ulinung'unika kidogo. Mwalimu alieleza kwa upole kwamba kwa mtunzi wa zama hizo kuchukua kazi yake mwenyewe na kuivika maneno mapya ilikuwa desturi, na kwamba wepesi wa sauti zile mbili zinazokimbizana ndio unaoufanya wimbo ule uwe na furaha. Kuhusu Mfalme George wa 2 kusimama wakati wa Haleluya, hadithi inayosimuliwa makanisani kila mwaka, alisema kwamba hakuna maandishi ya wakati ule yanayoithibitisha, na kwamba inaonekana katika barua ya mwaka 1780, miongo kadhaa baadaye.

Lililonigusa zaidi lilikuwa idadi ya waimbaji. Handel aliimbisha kazi hii kwa kwaya ya watu wachache, wasiofika hamsini. Makundi makubwa yalianza baada ya kifo chake, hasa mwaka 1784 katika Westminster Abbey, ambako waimbaji na wapigaji kwa pamoja walizidi 500, na desturi hiyo ndiyo iliyotufikia. Katika tamasha la kufungia, Haleluya iliimbwa na kikundi kidogo, sauti chache kwa kila mstari. Pale inapoanza "naye atatawala milele na milele", besi ikatangulia, tenori ikafuata, kisha alto, kisha soprano, na kila moja ilisikika ikiingia bila kuikanyaga iliyotangulia. Mimi ni alto, na katika kwaya kubwa sikuwahi kuisikia zamu yetu ikianza. Kasoro ya tamasha ilikuwa kukosekana kwa tarumbeta. Handel huzizuia tarumbeta kwa muda mrefu, huzisikizisha kwa mbali malaika wanapowaimbia wachungaji, kisha huzifungulia katika Haleluya pamoja na ngoma. Kinanda cha umeme hakiwezi kuibeba kazi hiyo, na mji huu una wapiga tarumbeta.

Lawama yangu kubwa haihusu vifaa. Kwa jioni nyingi Afrika haikutajwa hata kidogo, kana kwamba dhahabu ile yote iliota kwenye kuta za Ulaya. Nilimuuliza mwalimu fedha ya madini ilitoka wapi, akajibu kwa heshima kwamba muda ni mfupi. Siukubali udhuru huo katika darasa linalofanyika Nairobi, kwa sababu mambo yenyewe yanalingana kabisa na wazo lake la mtazamaji na mahali alipo. Fedha ya Potosí, katika Bolivia ya leo, ilichimbwa na Wahindi wa Amerika kwa kazi ya kulazimishwa, na dhahabu ya Brazili ilichimbwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Kumbukumbu za Royal African Company, kampuni ya Uingereza iliyosafirisha Waafrika utumwani, zinaonyesha kwamba Handel alikuwa na hisa zake mwaka 1720, na mwanakwaya wa Kiafrika ana haki ya kulijua hilo pamoja na tarehe ya Dublin.

Wapo pia Waafrika waliomo ndani ya sanaa yenyewe. Antonio Manuel Nsaku ne Vunda, balozi wa ufalme wa Kongo, aliwasili Roma akiwa mgonjwa na kufariki huko Januari 1608, na sanamu yake ya kifua, iliyochongwa na Francesco Caporale kwa marumaru nyeusi na ya rangi, ipo hadi leo katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Juan de Pareja alikuwa mtumwa katika karakana ya Velázquez. Bwana wake alimchora mwaka 1650 mjini Roma kwa heshima ambayo huwezi kuikosa usoni mwake, akatia saini hati ya uhuru wake mwaka huo huo, na Pareja mwenyewe akawa mchoraji. Nchini Brazili, Antônio Francisco Lisboa, anayejulikana zaidi kwa jina la Aleijadinho, mwana wa mjenzi wa Kireno na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa, alichonga manabii 12 wa mawe huko Congonhas kati ya mwaka 1800 na 1805, Baroko ilipokuwa imekwisha kufifia Ulaya. Hata mmoja wao hakuwamo katika nakala zetu.

Pengo hilo lilizibwa kidogo na mshiriki mwenzetu, mzee wa Kigoa, yaani mwenye asili ya Goa nchini India, mzaliwa wa hapa Nairobi. Alipoinua mkono, mwalimu alimwambia, "Mzee wetu, karibu mbele utusimulie," akampisha. Mzee akazungumza juu ya Basilika la Bom Jesus la Goa, lililojengwa kati ya mwaka 1594 na 1605, na kaburi la Mtakatifu Fransisko Ksaveri lililomo ndani yake: jeneza la fedha lilifuliwa Goa katika karne ya 17, na jukwaa lake la marumaru lilichongwa Firenze na Giovanni Battista Foggini, likiwa zawadi ya Cosimo wa 3 wa ukoo wa Medici, likasimikwa mwaka 1698. Mtu mmoja akakumbuka kwamba Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka ule ule, na mzee akaongeza kwamba ngome hiyo nayo, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa chini ya utawala wa Wareno uliokuwa na makao Goa. Alitaja pia sanamu za watakatifu za pembe za ndovu ambazo mafundi wa Goa walizichonga, pembe nyingi zikitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Kwa nusu saa Baroko ilikuwa habari ya Bahari ya Hindi, na hakuna aliyegusa simu yake. Mwalimu aliandika kila kitu daftarini, nami natumaini mzee huyo ataalikwa rasmi awamu ijayo na kulipwa.

Kuhusu mengine sina mengi. Nakala ni za rangi nyeusi na nyeupe, hazifai kwa michoro. Chai ni nzuri. Vipindi huanza saa kumi na mbili jioni, na anayetoka kazini katikati ya mji ajue kwamba matatu za Ngong Road saa hizo hazisogei. Wengi walikosa robo saa ya mwanzo, ambayo mara nyingi ndiyo ilikuwa na onyesho. Kituo kimeniahidi kwamba awamu ijayo itaanza saa kumi na mbili na nusu na kwamba spika zitabadilishwa, ila kuhusu projekta hawakuahidi kitu. Wanaruhusu mgeni aketi jioni moja bila malipo kabla ya kujisajili. Mwenye nia aombe jioni ya besi, aje na vipokea sauti vyake vya masikioni kwa ajili ya rekodi, na aulize mapema kama Goa, Brazili na Kongo zimetiwa kwenye ratiba.